Shylock Hakuwahi Kufungua Duka Kariakoo

Mteja wangu mmoja wa vitenge, mama wa makamo kutoka Buguruni, alikuja dukani macho yamemvimba. Alikuwa amekopa shilingi 300,000 kwenye mikopo ile inayoitwa kausha damu, arudishe 15,000 kila siku kwa mwezi mzima. Tukapiga hesabu kwenye karatasi ya kufungia mzigo: 450,000. Siku alizoshindwa ziliongezewa faini, na asubuhi hiyo vijana wa mkopeshaji walikuwa wamebeba televisheni na godoro la watoto. "Yule mama ana roho ya Kiyahudi, dada," akaniambia, akijifuta uso kwa ncha ya khanga.

Yule mama mkopeshaji namjua. Ni mwenzetu, mzaliwa wa Ilala, tunakutana naye kwenye vikoba na misibani. Nikamuuliza mteja wangu kama amewahi kukutana na Myahudi. Akafikiri. "Ninaowajua mimi ni Yesu na mama yake," akasema, kisha akanyamaza, maana alikuwa ameyasikia maneno yake mwenyewe.

Jibu lile limenikaa. Mtu amenyang'anywa godoro na jirani yake, anatafuta jina la ukatili ule, na jina linalomjia mdomoni ni la watu ambao hawajawahi kupita mtaani kwake, na ambao miongoni mwao yumo anayemwomba kila usiku. Huko Nairobi mambo yamekwenda mbali zaidi. Anayekopesha mitaani kwa riba kubwa anaitwa shylock, na magazeti huandika hivyo hivyo, kwa herufi ndogo, kama mtu anavyoandika fundi au kinyozi. Wengi wanaolitumia neno hilo hawajui kwamba ni jina la mtu, wala kwamba mtu huyo hakuwahi kuwepo duniani.

Mimi Shylock nilimjulia shuleni, kwenye tafsiri ya Mwalimu Nyerere, Mabepari wa Venisi, iliyotoka mwaka 1969. Kwa ambaye hajaisoma: Antonio, tajiri wa meli, anamkopea rafiki yake fedha kwa Shylock, na dhamana ni ratili moja ya nyama ya mwili wake. Meli zinapotea, deni linaiva, Shylock anaidai nyama yake mahakamani, na mwishowe anashindwa kwa hoja ya kisheria. Mahakama inamnyang'anya mali na kumlazimisha abadili dini.

Tulipoiigiza, kijana aliyepewa nafasi ya Shylock alikuwa na tatizo la kweli: Myahudi anaongeaje? Hakuna aliyejua, hata mwalimu. Kijana akachukua kilichokuwa karibu. Akaongea Kiswahili cha Mhindi wa vichekesho, "veve nataka nini, mimi iko na hesabu," akafunga mto tumboni, akashika daftari kubwa na kulamba kidole kila alipofungua ukurasa. Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Umbo la mtu mwenye duka na daftari tulikuwa tunalijua kabla ya Shakespeare, na Shylock aliingia humo bila kupunguzwa wala kuongezwa.

Darasani kwetu alikuwemo binti wa Kihindi kutoka Kisutu, ambaye baba yake aliuza vifaa vya umeme. Leo ana duka la dawa, na urafiki wetu umedumu. Aliniambia jambo nisilolitegemea: yeye ndiye aliyekuwa ameomba kuigiza Shylock. Alikuwa amekariri maneno yote ya mzee yule nyumbani kwao, hasa pale anapowakumbusha watesi wake kwamba mwili wake unaumia kama wao. Alinyimwa kwa sababu ni msichana. Kwa hiyo alikaa safu ya tatu, maneno yote anayajua, akamsikiliza mwenzake akiyasema kwa lafudhi ya baba yake huku ukumbi ukicheka pale pale ambapo yeye, akisoma peke yake chumbani, alikuwa akilia. Kitabu kilikuwa kimoja. Yeye alikuwa amemsikia mtu anayeuliza swali zito, na sisi tulikuwa tumeliona daftari tu.

Shakespeare mwenyewe aliiandika tamthilia ile kati ya 1596 na 1597, katika nchi iliyokuwa imewafukuza Wayahudi wake mwaka 1290. Hiyo ni miaka mia tatu. London ya wakati wake ilikuwa na Wayahudi wachache waliojificha kwa sura ya Ukristo. Myahudi wa kukaa naye barazani na kununua kwake waziwazi hakuwepo. Sura ilikuwa imebaki baada ya watu kuondolewa, na inawezekana ilinawiri kwa sababu hiyo hasa, maana hakuna aliyekuwepo wa kuikanusha.

Nilipoanza kusoma habari za hao waliofukuzwa, tukio moja lilinishika, mimi ninayeishi kwa daftari la madeni. Machi 1190, katika mji wa York, Wayahudi wapatao 150 walikimbilia mnara wa ngome ya mfalme. Waliowazingira waliongozwa na mabwana wakubwa waliokuwa wakidaiwa nao. Wengi waliokuwa ndani walijiua ili wasikamatwe, na waliotoka kwa kuahidiwa usalama waliuawa. Kisha kundi lile likaenda moja kwa moja kwenye kanisa kuu la mji, ambako hati za madeni zilikuwa zimehifadhiwa, likazichoma moto humo humo ndani. Ghasia ile ilikuwa imevaa joho la dini tangu mwanzo, lakini ilipomaliza kuua ilijua pa kwenda.

Daftari langu mimi lina majina ya machinga na akina mama wa mikoani. Biashara yetu kubwa ni mali kauli. Asubuhi nampa kijana vitenge, bei tumekubaliana kwa mdomo, hakuna wakili wala shahidi. Jumamosi ananiletea changu na faida yake anabaki nayo. Wengi wanalipa. Wapo wanaozima simu na kuhamia Tunduma. Hasara ile lazima niirudishe kidogo kidogo kwenye bei, na mteja anayefuata, asiyejua habari za Tunduma, anasema wafanyabiashara wa Kariakoo hawana huruma. Nasema haya kwa sababu ukikaa upande wa ndani wa kaunta unajua kitu ambacho hadithi za mkopeshaji hazikisimulii: anayekopesha naye analala na hofu, na miongoni mwa anaowadai hawakosekani ambao wangefurahi daftari lake likishika moto.

Wala ukopeshaji haukuwa kitu cha damu ya Wayahudi. Kanisa lilikuwa limewakataza Wakristo riba, kama sisi Waislamu tulivyokatazwa. Wayahudi nao walizuiwa sehemu nyingi kumiliki ardhi na kuingia kwenye vyama vya mafundi. Wakaachiwa kazi ambayo jamii iliikataa kwa mdomo na kuihitaji kwa mfuko. Mfalme wa Uingereza akawatoza kodi nzito juu ya faida hiyo, na alipowafukuza, nyumba zao na fedha walizokuwa wakidai zikawa zake.

Venice yenyewe ndivyo ilivyofanya. Mwaka 1516 serikali ya mji iliwakusanya Wayahudi kwenye eneo moja, malango yakawa yanafungwa usiku, na walinzi wa malango wakalipwa na Wayahudi wenyewe. Kazi walizoruhusiwa zilihesabika: utabibu, kukopesha kwa rahani, na kuuza nguo zilizokwishavaliwa. Niliposoma hapo niliwaona watu wetu wa Mchikichini wakipasua marobota ya mitumba alfajiri. Na kukopesha hakukuwa hiari. Mkataba wa kuruhusiwa kuishi mjini uliwataka wawakopeshe maskini kwa riba iliyopangwa na serikali. Mji ulimwamuru mtu akopeshe, kisha dunia nzima ikamcheka kwa kukopesha.

Ukitoka dukani kwangu ukavuka Mtaa wa Lumumba kuingia Mnazi Mmoja, unakanyaga mpaka wa aina hiyo hiyo. Wakoloni waliugawa mji huu kanda tatu: Wazungu upande wa baharini, Uhindini katikati, Waafrika Kariakoo, na uwazi wa Mnazi Mmoja ukaachwa ututenge. Sisemi kwamba Mhindi wa Dar es Salaam alikuwa katika hali ya Myahudi wa Venice. Ngazi ya ukoloni ilimweka juu ya Mwafrika, na babu zetu hawakuota uchungu wao. Waliweka rahani khanga na vitanda kwenye maduka ya Kihindi ili wapate chakula cha kufikia mwisho wa mwezi. Sheria ya Waingereza ilizuia Mwafrika asikopeshwe kiasi cha maana bila idhini ya serikali, kwa hiyo hata aliyekuwa na akili ya biashara hakupata mtaji. Lakini tazama uchungu ule ulielekea wapi. Aliyechora ramani na kutunga sheria alikaa ofisini, kwenye upepo wa bahari, na jina lake hatukulijua. Mwenye duka alikuwa pale pale, tukimwona kila siku akihesabu.

Mwalimu aliliona hili mapema, na ndiyo maana sipendi kusikia tafsiri yake ikitumiwa kuwasema watu. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, baadhi ya wabunge walitaka uraia wa Tanganyika uwe wa Waafrika peke yao. Nyerere alisimama akawaambia kwamba wanaotukuza rangi wanafanya mambo ya Hitler, na kwamba yuko tayari kujiuzulu pamoja na serikali yake kama hoja hiyo ingepita. Haikupita. Sitaficha kwamba miaka kumi baadaye, Aprili 1971, sheria ya kutwaa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 iliwaangukia Waasia kuliko watu wengine wote, ingawa haikutaja asili ya mtu, na wengi walifungasha wakaondoka. Mtu anaweza kuitetea au kuipinga sheria ile kwa hoja. Ila kwenye vijiwe haikuzungumzwa kwa hoja. Ilizungumzwa kwa kupe na mirija.

Mwaka uliofuata tukaona pale njia hii inapoishia. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wameondoka, akisema wamemkamua ng'ombe bila kumlisha. Septemba, kabla hata siku hizo hazijaisha, alimpelekea Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa telegramu ya kumsifu Hitler kwa kuwaua Wayahudi. Ni mtu mmoja, katika miezi miwili, akisema maneno ya aina moja juu ya jamii mbili ambazo hazikuwa na uhusiano wowote isipokuwa kwamba zimesemwa hivyo. Nyerere alilaani hadharani kufukuzwa kwa Waasia.

Siku hizi milango mingi ya Kariakoo si ya Wahindi tena, na ile sura haikukaa bila mtu wa kuivaa. Mchaga, inasemwa, ukitaka kuhakikisha amekufa dondosha sarafu karibu na jeneza. Mpare ni bahili. Mkinga amemtoa ndugu yake kafara ndiyo akapata maghorofa. Jirani yangu wa mlango wa pili ni Mkinga, na nimeona kwa macho yangu jinsi duka lile lilivyopatikana. Alikuja kutoka Makete akiwa kijana mdogo, akamtumikia ndugu yake miaka bila mshahara wa kueleweka, akilala juu ya mizigo stoo, akibeba mwenyewe badala ya kulipa wapagazi, hadi siku ndugu yake alipomfungulia kibanda cha kwanza kwa mali ya kukopeshwa. Sasa naye ana vijana wawili wanaopita njia hiyo hiyo. Habari hii hakuna anayeisimulia kijiweni. Ya kafara ni tamu zaidi, na tena humpunguzia anayeisimulia shida ya kujiuliza kwa nini yeye hakulala stoo.

Wataniambia ni utani tu. Utani nauheshimu, nimelelewa nao. Lakini utani wa kwetu una sheria. Mtani wangu ananitukana nami namtukana. Nikifiwa, yeye ndiye anayekuja kusaidia mazishi, anafanya vituko vyake, anadai haki yake, na waliofiwa wanacheka katikati ya kilio. Anayenicheka ana wajibu wa kunizika. Mchaga na Mpare wanaporushiana maneno wanalijua hilo. Myahudi wa kwenye vichekesho anatujibu wapi? Mwenye duka wa Kihindi anapoigizwa jukwaani kwa lafudhi ya kuchongwa, nani anamkaribisha arudishe? Na mtu anayesema Mkinga kaua ndugu yake, siku Mkinga akifiwa kweli, atakwenda msibani au atabaki nje akinong'ona kwamba huyo ndiye wa mwaka huu? Hapo sioni utani. Naona mashtaka ambayo mshitakiwa hajapewa nafasi ya kujibu.

Sifa nazo zinafanya kazi hiyo hiyo. Siku hizi wahamasishaji wanatuambia Myahudi amezaliwa na akili ya fedha, na vijana wangu wa dukani wanafurahi kuzisikiliza siri zake kwenye simu. Anayesema hivyo anadhani anasifu, lakini hajatoka kwenye tamthilia. Amempigia Shylock makofi tu badala ya kumzomea. Na kutoka kwenye akili ya fedha hadi kwenye njama ya kuitawala dunia ni hatua moja. Maandishi yanayodai kufichua njama hiyo yalichapishwa Urusi mwaka 1903, na gazeti la The Times la London lilionyesha tangu 1921 kwamba ni ya kughushi, yaliyonakiliwa kutoka kitabu cha Kifaransa kisichohusu Wayahudi hata kidogo. Mwaka huu bado nimeletewa kwenye kundi la WhatsApp madai yale yale, kwa sauti nzito na muziki wa kutisha.

Nina la kusema juu ya Gaza pia, kwa sababu nikinyamaza mtu atadhani nimelikwepa. Roho inaniuma kwa watoto wa Gaza, na naona ni haki kuilaumu serikali ya Israel kwa matendo yake, tendo kwa tendo. Nchi yetu ilivunja uhusiano na Israel mwaka 1973 na kuurudisha 1995, na mara zote mbili ilikuwa ni hoja kati ya dola na dola. Hoja hizo hazihitaji roho ya Kiyahudi ndani yake. Zinaharibika ikiingizwa.

Nani basi aliwahi kuibadilisha sura hii? Namfikiria sana mwanamke mmoja wa London aliyeitwa Eliza Davis. Charles Dickens alikuwa ameandika Oliver Twist, iliyotoka kati ya 1837 na 1839, na ndani yake yumo Fagin, mzee anayewafundisha watoto wizi. Katika kitabu hicho Fagin anaitwa "Myahudi" zaidi ya mara 250, kana kwamba hana jina. Mwaka 1860 Dickens aliuza nyumba yake kwa mume wa Eliza. Kabla ya mauzo alimsema mnunuzi kama mkopeshaji wa Kiyahudi ambaye hategemei alipe. Mauzo yalipokwisha alikiri kwamba hakumbuki kufanya biashara ya fedha na mtu aliyekuwa mwaminifu na mwenye kumjali kuliko huyo. Mwaka 1863 Eliza akamwandikia barua kwa adabu kwamba Fagin ni dhuluma kwa watu wake. Dickens alijitetea kwanza. Kisha akamweka Myahudi mwema katika riwaya iliyofuata, na toleo la Oliver Twist la 1867 lilipoandaliwa akalifuta neno "Myahudi" sehemu nyingi na kuacha jina la Fagin.

Sisi watu wa Kariakoo tunaielewa hadithi hii vizuri. Aliyembadilisha yule mwandishi mkubwa ni mwanamke ambaye mume wake alinunua kwake na kulipa kwa wakati, naye akathubutu kumwambia ukweli kwa sababu walikuwa wamekwishafanya biashara. Rafiki yangu wa Kisutu ameniambia zaidi ya mara moja yaliyomuuma siku ile ukumbini, na ananiambia kwa sababu tunauziana na kukopeshana hadi leo.

Wapo Wayahudi walio karibu nasi, huko mlimani. Ni Waafrika, Abayudaya wa Mbale, mashariki ya Uganda, jamii iliyoanza mwaka 1919 chini ya Semei Kakungulu. Ni wakulima. Mwaka 2004 walianzisha ushirika wa kahawa na majirani zao Waislamu na Wakristo. Amin alipotawala alipiga marufuku dini yao. Wengi waliiacha, waliobaki wakasali kwa kujificha hadi alipoangushwa Aprili 1979.

Habari hii nilimpelekea mzee mmoja wa kijiwe cha kahawa kilicho nyuma ya duka letu, mwanajeshi mstaafu aliyepigana vita vya Kagera na kuingia Kampala na JWTZ. Mara nyingi nimemsikia akisema Wayahudi wote ni matajiri. Nikamwambia, "Mzee, nyinyi ndio mliowafungulia hawa wakasali tena." Akaniangalia kama ninamtania. Alisema wao waliambiwa wamtoe Amin, hakuna aliyewatajia Wayahudi. Akaniuliza wanaishi wapi hasa, nikamweleza ni miteremko ya Elgon. Akauliza wanalima kahawa ya aina gani, nikasema arabika. Akamgeukia muuza kahawa, akataka kujua kama ya huko imewahi kufika sokoni kwetu, na kilo wanaiuza bei gani.